George Papanicolaou: Mgiriki aliyefundisha watu wa labo kusoma seli

Mama ana uvimbe kwenye titi, ama kijana ana uvimbe kwenye shingo. Daktari anaingiza sindano nyembamba, anavuta seringi, anachomoa. Kinachotoka ni kidogo sana, pengine hata tone moja halijai. Tone hilo linawekwa juu ya kioo chembamba, kile watu wa labo wanaita lamu, na linapanuliwa haraka kwa kioo kingine. Hapo kazi ya sindano imeisha. Jibu liko sasa mikononi mwa watu wa labo.

Kioo kimoja wanakitumbukiza ndani ya alkoli kingali na majimaji. Kingine wanakiacha kikauke kwa hewa. Kile cha alkoli mara nyingi kitapakwa rangi inayoitwa Papanicolaou. Ni jina refu, watu wa kazi wamelikata, wanasema tu Pap. Si kila anayelitamka anajua kama ni jina la mtu, tena mtu aliyewahi kuuza mikeka dukani na kupiga violini kwenye mikahawa ili apate chakula.

Georgios Papanicolaou alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 huko Kymi, mji mdogo wa pwani kwenye kisiwa cha Euboea, Ugiriki. Baba yake alikuwa daktari na alitaka mtoto afuate njia ile ile. Mtoto alifuata, lakini nusu. Alimaliza udaktari Athens mwaka wa 1904, akatumikia jeshi, akarudi nyumbani na kutunza wagonjwa wa ukoma. Kutibu watu hakukumvuta sana. Alitaka kujua mambo ya uhai wenyewe: kiumbe kinaanzaje, kwa nini huyu anazaliwa dume na huyu jike. Akaenda Ujerumani, na mwaka wa 1910 akapata digrii ya udaktari wa sayansi mjini Munich.

Mwaka huo huo alimuoa Andromachi Mavroyeni, binti wa afisa wa jeshi. Jina la bibi huyu halikupewa rangi wala kipimo chochote, lakini bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi.

Baada ya kutumika kidogo Monaco, kwenye utafiti wa bahari, na baada ya vita vya Balkan ambako alikuwa daktari wa jeshi, Papanicolaou aliamua kwenda Marekani. Waliteremka New York mwezi wa Oktoba 1913. Kingereza hawakukijua, na hakuna mtu aliyekuwa anawangojea. Andromachi alipata kazi ya kushona vifungo kwenye duka kubwa, dola 5 kwa juma. Bwana yake alijaribu kuuza mikeka kwenye duka lile lile na hakudumu. Ndipo akapiga violini, akafanya kazi pia kwenye gazeti la Wagiriki wa mji huo. Daktari mwenye digrii mbili! Wakimbizi na wahamiaji wa leo wanaoacha diploma zao ndani ya begi wanajua habari hiyo.

Mwaka uliofuata mlango ulifunguka: hospitali ya New York, halafu shule ya udaktari ya Cornell, idara ya anatomia. Na hapo alipewa simbilisi.

Kwa watu wa Kivu huyu ni mnyama wa jikoni, anakula majani na mabaki ya mboga, mtoto anauza mmoja ili apate daftari. Kwa Papanicolaou alikuwa mnyama wa utafiti. Alihitaji mayai ya simbilisi jike kwa saa kamili yanapokomaa. Njia iliyokuwepo ilikuwa kuua wanyama wengi na kubahatisha. Akajiuliza: kama mwili wa mwanamke unaonyesha kipindi chake kila mwezi, simbilisi jike hawezi kukosa alama, hata kama ni ndogo isiyoonekana kwa macho. Akachukua kifaa kidogo kinachotumika kuchungulia ndani ya pua, akatumia hicho kuchukua ute kutoka uke wa simbilisi, akaupaka kwenye kioo na kuuweka chini ya mikroskopi. Seli zilikuwa zinabadilika siku kwa siku, kwa mpango. Mwaka wa 1917 yeye na mkubwa wake Charles Stockard walichapisha matokeo, na tangu hapo hakukuwa tena haja ya kuua mnyama ili kujua hali ya mayai yake.

Halafu akataka kujua kama ni vile vile kwa binadamu. Binadamu wa kwanza alikuwa Andromachi. Kwa miaka karibu 20 alitoa sampuli za mwili wake mwenyewe, na bwana yake alizisoma. Tena si hivyo tu: alikuwa pia mtu wa labo. Aliosha, alipanga, alitayarisha vioo, bila mshahara, na jioni akarudi kupika. Hawakuzaa watoto.

Kufikia miaka ya 1920 Papanicolaou alikuwa anapokea sampuli za wamama wengine pia. Kati ya vioo hivyo kukatokea seli ambazo hazikufanana na zile alizozoea kwa Andromachi: kiini kikubwa kupita kiasi, cheusi, chenye sura isiyo sawa. Wamama waliozitoa walikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Wakati huo kansa hiyo ilijulikana mgonjwa akishaanza kutoka damu na kuumwa, na wengi walikuwa wamechelewa.

Alitangaza habari hiyo Januari 1928, kwenye mkutano wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Mahali penyewe hapakuwa pazuri: ulikuwa mkutano wa watu waliotaka kuchagua nani anastahili kuzaa na nani hapana, mawazo ambayo baadaye yalileta maovu makubwa duniani. Maandishi yake yalitoka na makosa ya uchapaji na picha zisizoonekana vizuri. Madaktari hawakushtuka. Walisema njia iko tayari: unakata kipande cha nyama, unaangalia. Kwa nini kusumbuka na seli zilizodondoka zenyewe?

Siku zile zile, mbali sana, Bucharest nchini Rumania, daktari Aurel Babeș alikuwa amefika kwenye jambo lile lile bila kujua habari za New York. Namna yao lakini haikuwa moja. Babeș alikausha seli kwenye kioo na kutumia rangi ya Giemsa, ile ile inayotumika kutafuta malaria ndani ya damu. Papanicolaou aliziweka kwenye majimaji kabla hazijakauka. Njia zote mbili ziko hai mpaka leo, na ndiyo sababu vioo vya sindano vinagawanywa mara mbili.

Kwa miaka zaidi ya 10 Papanicolaou aliliacha jambo la kansa pembeni. Aliendelea na homoni na simbilisi wake. Mwaka wa 1939 idara ilipata mkubwa mpya, Joseph Hinsey, ambaye alimwambia arudie. Akajiunga na daktari wa wamama, Herbert Traut. Safari hii walikuja na vioo vingi na wagonjwa wengi. Makala yao ilitoka 1941, kitabu 1943, na picha za seli zilichorwa kwa mkono na Mjapani Hashime Murayama. Sasa watu walisikia. Papanicolaou alikuwa na miaka 60.

Kati ya makala na kitabu kuko andiko lingine fupi, la 1942, ambalo halisemwi sana lakini ndilo linalowahusu watu wa labo kila asubuhi. Ni namna ya kupaka rangi. Kwanza kioo kinaingia kikiwa kibichi ndani ya mchanganyiko wa alkoli na etha; etha iliachwa baadaye kwa sababu inashika moto upesi, ikabaki alkoli ya asilimia 95. Halafu hematoksilini, rangi inayotoka kwenye mti, inafanya kiini cha seli kuwa buluu. Halafu rangi ya machungwa. Mwisho mchanganyiko wenye kijani na waridi ndani yake. Mwili wa seli unabaki mwangavu kama karatasi ya plastiki, hata seli zikilaliana mtu anaona ya chini.

Lakini rangi hiyo ina wivu. Kioo kikibaki mezani muda wa kumaliza maneno mawili na mwenzako, seli zinakauka, zinatandaa, mistari ya ndani ya kiini inafutika. Rangi ikija inakuta picha imeshaharibika. Kwa hiyo chupa ya alkoli inafunguliwa kabla ya sindano kuingia, si baada. Jina la mgonjwa linaandikwa kwa kreyo, si kwa biki, juu wino unayeyuka ndani ya alkoli na vioo vya watu wawili vinabaki bila mwenyewe. Kile cha kukausha nacho kisiwekwe karibu na chupa ya formalini iliyo wazi, mvuke wake unaharibu Giemsa. Tone linapanuliwa jembamba, kwa sababu likiwa nene damu inafunika yote. Na vyombo vya rangi vinachujwa ama kubadilishwa, kwa maana seli inaweza kubanduka kwenye kioo cha mtu mmoja ikashika kwenye kioo cha mwingine. Mtu akaambiwa ana kansa ya jirani yake!

Pale hizi hazifuatwi, mgonjwa anaitwa achomwe mara ya pili. Kwa mama aliyetembea siku nzima kufika hospitalini, pengine hakuna mara ya pili.

Sindano yenyewe si kazi ya Papanicolaou. Katika mji ule ule wa New York, mwaka wa 1930, Hayes Martin na Edward Ellis wa hospitali ya Memorial waliandika jinsi ya kuvuta seli kutoka uvimbe kwa sindano, iliyokuwa nene kuliko ya leo. Madaktari wengi wa Marekani waliikwepa. Ni Waswidi, kuanzia miaka ya 1950, walioifanya kuwa kazi ya kila siku kwa sindano nyembamba, na wao walipenda kioo kilichokaushwa. Kile ambacho Mgiriki alileta ni imani kwamba seli moja moja, bila kipande cha nyama, inaweza kuaminiwa. Kitabu chake kikubwa cha picha cha 1954 hakikukaa kwenye kizazi tu: kuna seli za mapafu, za mkojo, za tumbo, za titi. Alifundisha pia watu wasio madaktari kukaa kwenye mikroskopi na kuchagua vioo vya kutiliwa shaka, na kazi hiyo ikawa kazi kamili yenye shule yake. Marekani na nchi nyingine zilizopima wamama kwa mpango, vifo vya kansa ya mlango wa kizazi vilishuka kupita nusu. Afrika, ambako kipimo hakijafika kwa wengi, kansa hiyo bado inaua.

Zawadi ya Nobel hakuipata. Mwaka wa 1961 walihama kwenda Miami, akaongoze kituo cha utafiti wa kansa. Alikuwa na miaka 78 na bado ana mipango. Moyo ulisimama tarehe 19 Februari 1962, miezi michache tu baada ya kufika. Kituo kikapewa jina lake. Andromachi aliendelea na kazi hapo, na aliishi miaka 20 zaidi, mpaka 1982. Mwaka wa 1995 Ugiriki ilitoa noti ya drakma 10 000 yenye sura ya Papanicolaou. Ilitumika mpaka pesa ya yuro ilipoingia.