Gertrude Benham, mwanamke aliyefika kwenye barafu ya Kibo mwaka 1909

Mwaka 1909 mwanamke Mwingereza mwenye umri wa miaka zaidi ya 40 alifika Moshi akiwa na nia moja: kupanda Kibo mpaka kwenye barafu. Hakuwa na mume wala ndugu wa kumsindikiza, na hakubeba bunduki. Jina lake lilikuwa Gertrude Benham.

Moshi ya wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Ilikuwa imepita miaka 9 tu tangu wamnyonge Mangi Meli. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika. Aliyetaka kupanda mlima alilazimika kutafuta mwenyewe watu wa kumwongoza, wapagazi na chakula cha siku zote za safari.

Alianzia wapi?

Benham alizaliwa London mwaka 1867, akiwa mtoto wa mwisho katika familia yake. Tangu akiwa kijana alipanda milima ya Alps huko Ulaya, na kwa miaka mingi alifika vilele zaidi ya 100, ukiwemo Mont Blanc. Huko ndiko alikojifunza kutembea juu ya barafu.

Baada ya wazazi wake kufariki alibaki na fedha kidogo za urithi. Hazikutosha maisha ya anasa, lakini zilimtosha mtu anayesafiri kwa kubana matumizi. Mwaka 1904 alikwenda Kanada. Huko kulikuwa na mlima uliopewa jina la profesa mmoja Mmarekani, Charles Fay, ambaye alitamani kuwa wa kwanza kufika kileleni. Tarehe 20 Julai mwaka huo Benham alimtangulia.

Kabla ya kufika Kilimanjaro alikuwa ametembea kwa miguu katika nchi ambayo leo ni Zambia, kutoka Kabwe hadi Mbala, karibu na Ziwa Tanganyika. Mizigoni alibeba nyuzi na sindano. Jioni alifuma na kudarizi, na kazi za mikono yake alizibadilishana na wenyeji kwa vitu vyao.

Siku ya barafu

Moshi alipata waongozaji, mpishi na wapagazi, wale ambao siku hizi mlimani huitwa wagumu. Walipita kwenye migomba, wakaingia msituni, kisha wakatokea kwenye uwanda wa mawe na baridi.

Huko juu walikuta mifupa ya watu waliokufa katika safari iliyotangulia. Wapagazi wakasimama, hawakutaka kuendelea.

Katika vitabu vingi vya wazungu woga huo umeelezwa kama ushirikina. Lakini tujiulize. Wapagazi wa enzi zile walipanda na nguo nyepesi, na wengi hawakuwa na viatu vya kufaa baridi ile. Mifupa iliyokuwa mbele yao iliwaonyesha wazi mwisho wa mtu anayezidiwa na baridi akiwa mbali na moto. Waliogopa kitu cha kweli.

Benham hakurudi nyuma. Alijitwisha mwenyewe sehemu ya mizigo, na baadhi ya watu wakakubali kusogea naye. Walipofika kwenye theluji nao wakaishia hapo. Akaendelea peke yake, na kwa maelezo yake mwenyewe alifika kwenye ukingo wa shimo la Kibo.

Hakufika kwenye sehemu ya juu kabisa, ambayo leo tunaiita Uhuru, mita 5,895. Mwanamke wa kwanza kufika hapo alikuwa Sheila MacDonald, mwaka 1927. Ndiyo maana watu bado wanabishana ni nani kati yao aitwe mwanamke wa kwanza kupanda Kilimanjaro. Wote wawili wana haki ya kukumbukwa, kila mmoja kwa pale alipofika.

Mwisho wa safari

Baada ya Kilimanjaro aliendelea kusafiri kwa karibu miaka 30, akizunguka dunia mara kadhaa. Vitu karibu 800 alivyokusanya njiani, vikiwemo nguo, mapambo na vyombo, alivitoa kwa makumbusho ya mji wa Plymouth, Uingereza. Mwaka 1938, akiwa safarini kurudi kwao, alifariki ndani ya meli karibu na pwani ya Afrika. Alizikwa baharini, kwa hiyo hana kaburi la kutembelea.

Majina yaliyobaki na yaliyopotea

Kanada kuna kilele kinachoitwa Truda, kwa heshima yake. Marangu nako wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama mwongozaji wa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Lakini wale waliotoka Moshi na Benham mwaka 1909, wakabeba chakula na mahema hadi kwenye mawe yale, majina yao hayatajwi katika simulizi za safari hiyo. Bila mizigo waliyobeba, asingefika hata chini ya theluji.

Huenda wajukuu wao wapo vihambani hadi leo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesimulia habari za babu aliyewahi kupanda na wazungu enzi za Wajerumani, kaa naye, muulize majina, uyaandike.