Medawar na Kitendawili cha Uzee

Panya wa nyumbani, hata akifugwa vyema, akalishwa akashiba na kulindwa na paka, ni nadra kuipita miaka 3. Popo mdogo, ambaye uzito wake ni sawa na wa panya huyo au hata chini yake, aweza kuishi miaka 30 na zaidi. Wote wawili huzaa na kunyonyesha, na damu yao wote ni ya moto. Kwa nini basi mmoja akapimiwa kibaba na mwenziwe pishi? Miongoni mwa waliotutolea ufunguo wa kitendawili hiki ni marehemu Profesa Peter Medawar, ambaye maisha yake ndiyo habari yetu leo.

Medawar alizaliwa tarehe 28 Februari, 1915, katika mji wa Petrópolis, karibu na Rio de Janeiro, nchini Brazil. Baba yake alikuwa Mwarabu, Mkristo wa Lebanon aliyekuwa akifanya biashara huko. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza familia ilihamia Uingereza, na kijana akasoma mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Oxford, alikoshika elimu ya wanyama. Mwaka 1937 alimwoa Jean Taylor, wakajaliwa watoto wanne.

Sifa zake za kwanza zilitokana na msiba. Mwaka 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake mjini Oxford, na mwanajeshi aliyekuwamo akaungua vibaya sana. Tangu hapo Medawar akazama katika swali moja: kwa nini ngozi ya mtu mwingine ikibandikwa juu ya kidonda hushika siku chache, kisha mwili ukaikataa? Mwaka 1953, yeye na wenziwe Rupert Billingham na Leslie Brent walionyesha kwamba panya akitiwa chembe za mwili wa panya mwingine kabla hajazaliwa, akikua huipokea ngozi ya yule yule bila ya kuikataa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1951, alipopokea uprofesa katika University College mjini London, hotuba yake ya kwanza ilihusu uzee. Watu walizoea kusema kwamba mwili huchakaa kama kanzu. Jawabu hilo halitoshi, maana kanzu haijishoni yenyewe, na mwili hujitibu usiku na mchana. Wengine walidai kwamba wazee hudhoofika ili wawapishe vijana. Medawar hakuridhika, kwani huko ni kulichukua jambo linalotafutiwa sababu na kulifanya ndilo sababu.

Alitoa mfano wa mirija ya kioo ya maabara. Sisi wa Pwani na tuutie katika vikombe vya muuza kahawa. Kikombe hakizeeki, cha miaka 5 si chepesi kuvunjika kuliko cha jana. Lakini kila mwezi viwili vitatu huteleza vikapasuka, na mwenyewe hununua vipya. Baada ya muda, vikongwe vitakuwa vichache na vipya vitakuwa vingi, kwa sababu ya ajali tu. Sasa tuseme vikombe hivyo vinazaana. Wengi wa watoto watazaliwa na vikombe vichanga. Kasoro inayojitokeza utotoni itaukata uzao pale pale. Kasoro inayojificha hadi mwaka wa 10 itakuta vikombe vingi vimekwisha vunjika, na vilivyosalia vimekwisha zaa na kurithisha.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa jeni, yaani chembe za urithi. Chekeche la maumbile huzipepeta kwa ukali zile zinazodhuru ujanani, na huzilegezea zile zinazodhuru uzeeni. Vizazi kwa vizazi kasoro hizo hurundikana, nasi tukaita uzee. Mwaka 1957 George Williams wa Marekani aliongeza kwamba jeni nyingine humnufaisha kiumbe ujanani, kisha humdai deni akishakuwa mzee.

Watu wa Pwani hulitumia neno ajali kwa msiba wa ghafla, na pia kwa siku ya mtu iliyokadiriwa. Hoja ya Medawar inaziunganisha maana hizo mbili. Panya huliwa na bundi, nyoka na paka, basi mwili uliojengwa kudumu miaka 20 ungemfaa nini? Popo huruka akawakwepa maadui. Mmoja huko Siberia, wa gramu 7 hivi, alipatikana hai miaka 41 baada ya kutiwa alama. Fuko asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi katika nyika za Kenya, Ethiopia na Somalia, hupita miaka 30. Ndovu, ambaye ukubwa wake ni ngao, ana nakala 20 za jeni ya TP53 inayozuia saratani, ilhali binadamu ana moja. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2015. Na mwaka 1993 Steven Austad alieleza kwamba oposumu wa kisiwa cha Sapelo, Marekani, wasio na maadui wengi, huzeeka polepole kuliko jamaa zao wa bara.

Medawar hakuwahi kuyaona hayo. Mwezi wa Septemba 1969, akiwa na miaka 54 na mkuu wa taasisi kubwa ya utafiti wa tiba mjini London, alipatwa na kiharusi alipokuwa akisoma mbele ya watu katika kanisa kuu la Exeter. Kilimwacha na ulemavu, na vingine vikamfuata. Hata hivyo, kwa msaada wa Bibi Jean, aliendelea kuchunguza na kuandika kwa miaka 18 zaidi, na mwaka 1986 akatoa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Alifariki London tarehe 2 Oktoba, 1987, akiwa na miaka 72. Aliyeeleza kwa nini miili yetu huachwa mkono uzeeni, aliuishi uzee huo kabla ya wakati wake, na kalamu hakuiweka chini.