Charles Babbage, mtu wa ghala na kinu

Wandugu wanafunzi, wengi wetu tunataka kujua kompyuta (ile tunaita pia ordinatere) ni kitu gani, lakini tunaanza kwa kuangalia kioo na vifungo vyake. Tumeona afazali kuanza na mtu mmoja aliyekufa zamani, wakati nyumba za watu zilikuwa hazijapata umeme. Jina lake ni Charles Babbage.

Alizaliwa London, inchi ya Uingereza, tarehe 26 Desemba 1791. Baba yake alikuwa mtu wa banki. Alisoma hesabu Cambridge, na tangu 1828 mpaka 1839 alikuwa profesa wa hesabu kule.

Siku zile mabaharia na watu wa banki walitumia vitabu vya majedwali, kama yale ya logariti tunayoyajua katika kalasi. Wengine walihesabu kwa mkono, wengine wakanakili, wengine wakachapa. Kosa lilikuwa na milango mitatu ya kuingilia, na kosa moja linaweza kupeleka merikebu kwenye miamba. Mwaka 1821 Babbage na rafiki yake John Herschel walisahihisha majedwali ya namna hiyo, wakakuta makosa mengi. Ndipo akawaza mashini ya magurudumu yenye meno, itakayohesabu na kuchapa yenyewe.

Serikali ilianza kumpa feza mwaka 1823. Mwaka 1832 sehemu ndogo ilikuwa tayari, nayo ilihesabu vizuri. Lakini mwaka 1833 fundi wake, Joseph Clement, aligombana naye akaacha kazi. Mwaka 1842 serikali, iliyokuwa imetoa karibu pauni 17,000, ikakataa kuendelea.

Sasa juu ya nini tunamkumbuka, ikiwa hakumaliza? Ni juu ya wazo lake la pili, la mwaka 1834. Mashini ya kwanza ilijua kazi ya namna moja tu. Sasa alitaka mashini ya kufanya hesabu ya kila namna, ikiendeshwa kwa mvuke. Akaigawa mara mbili: sehemu moja aliita ghala, ya pili kinu. Kila mtu aliyepeleka mahindi kusagwa anaelewa: gunia linangoja katika ghala, linapita kwenye kinu, kisha unga unarudi kuwekwa. Vilevile namba zilipashwa kungoja katika ghala, kwenda kwenye kinu kujumlishwa ao kuzidishwa, kisha jibu kurudi. Katika mpango wake mmoja, ghala ilipashwa kubeba namba 1000. Leo ghala ile tunaita memori, na kinu tunaita prosesa.

Lakini nani anaamuru kinu? Huko Ufaransa, karibu mwaka 1804, Joseph-Marie Jacquard alitengeneza chombo cha kufuma kinachoongozwa na kadi zenye matundu. Ukibadilisha kadi, kitambaa kinapata maua mengine, na chombo ni kile kile. Babbage akachukua kadi za namna hiyo kuamuru mashini yake. Hiyo ndiyo programu: maagizo yanayoweza kubadilika bila kugusa chuma. Simu yetu ya leo inaandika barua, inapiga hesabu, inacheza muziki, na chuma chake ni kimoja.

Na intaneti? Hiyo Babbage hakuiwaza. Mzizi wake ulianza Marekani mwaka 1969, kompyuta chache zilipounganishwa ili zipelekane habari. Lakini hata pale, tukiuliza jambo, kompyuta yetu inaomba habari katika memori ya kompyuta nyingine iliyo mbali. Ni kama ghala moja kuomba ghala lingine.

Mwaka 1840 Babbage alieleza mashini yake mjini Turin. Luigi Menabrea akaandika juu yake kwa Kifaransa mwaka 1842. Mwaka 1843 Mwingereza Ada Lovelace akatafsiri andiko lile, akaongeza maelezo yake mwenyewe, marefu kuliko andiko lenyewe, akionyesha hatua kwa hatua namna mashini ingefanya hesabu ngumu.

Babbage alikufa tarehe 18 Oktoba 1871, bila kuona mashini zake zimekamilika. Lakini kati ya 1847 na 1849 alikuwa amechora upya mashini ya majedwali, na michoro ikabaki. Mwaka 1991 jumba la makumbusho ya sayansi la London lilifuata michoro ile, na sehemu ya kuhesabu ikafanya kazi sawasawa. Mwaka 2002 wakamaliza na sehemu ya kuchapa. Yote pamoja ina vipande karibu 8000 na uzito wa tani 5.

Wandugu, Babbage alikimbilia kazi mpya wakati ya kwanza haijaisha, na ilimgarimu sana. Hapo tusimwige. Lakini alichora kila gurudumu wazi kabisa, hata watu wasiomjua wakaweza kumaliza kazi yake. Sisi tulio mwaka wa sita, tunaokaribia kuacha madaftari yetu kwa wadogo wetu, tuyaandike vile: mtu akiyafungua bila sisi kuwa karibu, aweze kuendelea.