Lodi Delamere na Kondoo wa Sufu

Kondoo tuwajuao sisi wa milima ya Ikinga ni wale wenye mkia mnene wa mafuta. Mwilini wana nywele fupi kama za mbuzi, wala nywele hizo hazifai kusokotwa uzi. Kondoo wa sufu ni wa namna nyingine: manyoya yake ni marefu, laini, yenye kujikunja, nayo hayaachi kukua mpaka yakatwe. Katika nchi ya Kenya, mtu aliyetumia mali nyingi na miaka mingi ili kuwastawisha kondoo wa namna hiyo alikuwa Mwingereza, Lodi Delamere.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870, katika jimbo la Cheshire. Baba yake alikuwa mtu wa cheo, naye alipofariki mwaka 1887 kijana akarithi cheo, nyumba kubwa na mashamba, hali alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Lakini hakupenda kukaa kwao. Mwaka 1891 alikwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, na baadaye akarudi mara kwa mara. Katika safari moja simba alimkamata mguu, na Msomali mmoja, Abdullah Ashur, aliyekuwa akimchukulia bunduki, akamrukia mnyama yule kwa mikono mitupu. Wote wawili wakaokoka, ila Delamere alichechemea siku zote za maisha yake.

Mwisho wa mwaka 1896 aliondoka pwani ya Wasomali na msafara mkubwa wa ngamia, akashika njia ya kusini. Mwaka 1897, baada ya kupita nchi kavu kwa miezi mingi, akatokea Baringo, kisha akapanda uwanda wa Laikipia. Huko aliona majani mengi, maji baridi na hewa kama ya kwao, na watu aliona wachache. Alidhani nchi ile haina wenyewe. Kumbe ilikuwa nchi ya Wamasai, nao walikuwa wamepatwa na misiba miwili katika miaka michache iliyotangulia: sotoka iliyomaliza ng'ombe wao, na ndui iliyowaua watu. Mtu anayepita shambani baada ya mavuno huweza kusema shamba hili ni mwitu!

Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwa Nyanza mwaka 1901, na serikali ikaanza kuwaita Wazungu waje kulima. Delamere, ambaye sasa alikuwa amemwoa Bibi Florence Cole, akaomba nchi. Ombi la kwanza lilikataliwa, na la pili pia. La tatu likakubaliwa: akapewa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Majani ya Njoro yalikuwa mabichi na marefu, lakini Wamasai hawakupenda kulisha huko, kwa kuwa walijua tangu zamani ya kuwa mifugo haistawi mahali pale. Delamere alijua lugha ya Wamasai na kukaa nao sana, lakini katika jambo hilo hakuwafuata.

Akaagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand, na madume ya namna nyingine kutoka Uingereza. Kondoo wakafika kwa meli, wakapandishwa gari la moshi mpaka Njoro, wakaachiliwa katika majani yale mazuri, wakakonda. Walikula wakashiba, na huku wanakonda. Sufu yao ikakatika, wana-kondoo wakazaliwa dhaifu, na wengi sana wakafa. Ng'ombe aliowaleta nao wakafa kwa homa za kupe na ugonjwa wa mapafu. Miaka mingi baadaye wataalamu waliochunguza ugonjwa wa nchi ya Nakuru walikuta ya kuwa udongo wake hauna kobalti ya kutosha. Kobalti ni madini ambayo kondoo huhitaji chembe ndogo mno, lakini asipoipata damu yake huwa nyepesi, na mwisho hufa katikati ya malisho. Wamasai hawakuwa na jina la madini hayo. Walikuwa na macho, na kumbukumbu za wazee wao.

Basi Delamere akapata nchi nyingine, karibu na ziwa la Elmenteita, mahali paitwapo Soysambu, maana yake katika Kimasai ni mawe yenye mabaka. Majani ya huko ni mafupi na makavu, mgeni angeyadharau. Lakini tangu mwaka 1906 kondoo waliohamishiwa huko walianza kunenepa. Hapo ndipo kazi ya sufu iliposimama, nayo ilisimama hasa juu ya kondoo wa Kimasai.

Kondoo mgeni alikuwa na sufu, lakini hakuzoea maradhi ya nchi. Kondoo wa Kimasai hakuwa na sufu, lakini alivumilia. Kwa hiyo dume la Merino lilipandishwa kwa majike ya Kimasai. Mtoto aliyezaliwa alikuwa nusu kwa nusu, na manyoya yake yalikuwa mchanganyiko wa nywele na sufu, ya bei ndogo. Jike hilo likikua hupandishwa tena kwa dume la Merino, na mtoto wake huwa na robo tatu ya damu ya Merino. Na yule wa mara ya tatu huwa na sehemu saba za nane. Kila uzao nywele hupungua na sufu huongezeka. Hesabu hii ni rahisi kuandika ubaoni, lakini kundini ni kazi ya miaka, maana yakupasa kuchagua kila mwaka ni nani wa kubaki na ni nani wa kuchinjwa.

Wachungaji wa Soysambu walikuwa Wamasai. Wao ndio waliokesha na makundi kwa ajili ya chui na fisi, waliotambua mgonjwa kabla hajaanguka, na kuwapeleka kondoo katika josho la dawa ili kuua kupe na wadudu wa upele. Josho si jambo dogo. Upele ukiingia kundini kondoo hujikwaruza mitini, sufu hutoka mabonge mabonge, na mavuno ya mwaka mzima hupotea.

Siku za kukata manyoya zikifika, kondoo huketishwa kwa matako, na mkataji hupitisha mkasi karibu na ngozi, ili manyoya yatoke yote pamoja kama koti. Baadaye huchaguliwa, ya mgongoni na ubavuni mbali, ya miguuni na tumboni mbali, yakashindiliwa katika magunia makubwa. Sufu ya Kenya ilikwenda Mombasa kwa gari la moshi, na toka hapo Uingereza, iliuzwa London na kufanywa nguo katika viwanda vya jimbo la Yorkshire. Huko huoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa sufu mbichi imejaa mafuta na mchanga, hata hupungua uzito sana. Kisha huchanwa kwa mitambo yenye meno ya waya, husokotwa uzi, hufumwa, na nguo ikiisha kufumwa hupondwa majini mpaka nyuzi zishikamane, upepo usipite. Hivyo mchungaji aliyetaka blanketi la sufu alinunua dukani kitu kilichokwisha kuvuka bahari mara mbili. Viwanda vya nguo za sufu na mablanketi vilikuja kujengwa Kenya yenyewe, huko Nakuru na Eldoret, lakini Delamere hakuviona.

Yako na mambo mengine yasiyofaa kufichwa. Mwaka 1904 Wamasai walitolewa katika Bonde la Ufa, wakapelekwa Laikipia na upande wa kusini, kwa mapatano yaliyoahidiwa kudumu muda wote Wamasai watakapokuwapo. Baada ya miaka 7 tu, mwaka 1911, mapatano mengine yakawatoa Laikipia pia, na mashamba ya walowezi yakaenea huko. Watu wa Laikipia, wakiongozwa na Parsaloi ole Gilisho, walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1913 mahakama ilisema haina uwezo wa kuamua, ati mapatano yale yalikuwa kama ya nchi mbili. Tena katika mwaka ule wa 1911, Galbraith Cole, shemeji ya Delamere na mfugaji wa kondoo, alimpiga risasi mtu aliyemdhania kuwa mwizi wa kondoo, akafa. Baraza la Wazungu wenziwe likamwachilia. Ndipo serikali ikamfukuza katika nchi kwa muda. Uhai wa mtu ulikuwa umepimwa kwa kondoo.

Delamere mwenyewe alikuwa kiongozi wa walowezi, naye alitaka nchi ya juu iwe yao na serikali pia iwe mikononi mwao. Alijaribu ngano, ikaliwa na kutu. Akagharimia utafiti wa mbegu zenye kuihimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga, iitwayo Unga. Urithi wake wa Uingereza uliliwa na majaribio hayo, na alipofariki tarehe 13 Novemba 1931 aliacha madeni makubwa benki. Alizikwa Soysambu.

Walowezi walimsimamishia sanamu Nairobi, katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 sanamu iliondolewa, na barabara ikaitwa Kenyatta. Sanamu ilipelekwa Soysambu. Huko ekari zipatazo 48,000 sasa ni hifadhi ya wanyama, na twiga hupita mahali palipokuwa malisho ya kondoo wa sufu.