Lucy Diggs Slowe, Mlezi wa Wasichana wa Howard

Mwanzoni mwa mwaka huu nilichaguliwa kuwa kiranja wa bweni letu la wasichana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kununua daftari, nikawa naandika majina ya wote waliochelewa kuzima taa na wote waliozungumza baada ya kengele. Haukupita mwezi daftari likajaa, lakini bweni halikutengemaa. Wenzangu walinyamaza niingiapo, wakaanza tena nitokapo. Mwalimu wetu wa historia aliposikia malalamiko yangu alinipa habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki zamani, akaniambia nizisome, kisha niwaandikie wenzangu katika gazeti hili. Nami leo natimiza ahadi.

Mwanamke huyo aliitwa Lucy Diggs Slowe. Alizaliwa katika miaka ya 1880 katika mji mdogo wa Berryville, jimbo la Virginia, ambako utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka ishirini hivi tu iliyopita. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye angali mtoto mdogo, akachukuliwa na shangazi yake, Bibi Martha Price. Shangazi huyo alikuwa mkali wa adabu, na zaidi ya yote alitaka watoto wasome. Waliishi Lexington, kisha wakahamia mji mkubwa wa Baltimore. Hapo Lucy alimaliza shule ya sekondari ya watoto weusi mwaka 1904, akiwa wa pili katika darasa lake. Akapata msaada wa masomo, akaenda Washington kusoma katika Chuo Kikuu cha Howard, kilichoanzishwa mwaka 1867.

Siku zile wasichana wa chuo kikuu walikuwa wachache, na weusi walikuwa wachache zaidi. Mwanafunzi mwenzake, Ethel Hedgeman wa mji wa St. Louis, akapata wazo la kuanzisha chama cha wanafunzi wa kike watakaopendana na kusaidiana kama ndugu wa tumbo moja. Tarehe 15 Januari 1908 wasichana tisa, Lucy akiwa mmojawapo, wakakianzisha. Wakakipa jina la herufi tatu za Kiyunani, Alpha Kappa Alpha. Kilikuwa chama cha kwanza cha namna hiyo cha wanawake weusi wa vyuo vya Marekani. Lucy alichaguliwa kuwa mwenyekiti, akashiriki kutunga katiba.

Si kwamba mambo yalikwenda bila misukosuko. Miaka michache baadaye, Lucy akiwa amekwisha ondoka chuoni, wanachama walihitilafiana juu ya jina na makusudi ya chama. Wasichana 22 wakajitenga, na mwezi wa Januari 1913 wakaanzisha chama chao, Delta Sigma Theta. Lakini vyama vyote viwili viliishi na kustawi. Hata Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani tangu 2021 hadi 2025, aliingia Alpha Kappa Alpha alipokuwa akisoma Howard.

Lucy alipohitimu mwaka 1908 alirudi Baltimore kufundisha Kiingereza, na mwaka 1915 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Tena alikuwa hodari wa tenisi. Chama cha tenisi cha wazungu hakikuwaruhusu weusi kushindana, kwa hiyo weusi walianzisha chama chao. Katika mashindano yake ya kwanza ya taifa, yaliyofanyika Baltimore mwaka 1917, Lucy aliwashinda wanawake wote. Mwaka 1919 akawa mkuu wa shule ya Shaw mjini Washington.

Mwaka 1922 Howard walimwita awe mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike. Hapa ndipo niliposoma polepole. Wakati ule watu wengi walidhani kazi ya mlezi ni kuwachunga wasichana kama kuku: kuwahesabu jioni, kufunga mlango na kuwaadhibu. Bibi Slowe alikataa. Yeye alisema kwamba msichana asiyezoezwa kujitawala akiwa chuoni hataweza kujitawala wala kuongoza wengine akitoka. Aliwahimiza wasome uchumi na siasa pia, wasidhani kwamba mwanamke msomi hana kazi ila ualimu. Alipigania wapate makao ya heshima, na mwaka 1931 mabweni mapya matatu ya wasichana yalifunguliwa. Mwaka 1929 aliwaita Howard walezi wa wanawake kutoka vyuo vingine vya weusi, wakaunda umoja wao.

Msimamo huo haukumpendeza kila mtu. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wakuu wenzake wanaume. Katika miaka ya 1930 uongozi wa chuo ulimtaka aache nyumba aliyokaa na rafiki yake Mary Burrill, mwalimu na mtunzi wa michezo ya kuigiza, akaishi chuoni ili awalinde wasichana usiku. Aliona kwamba wakuu wanaume hawakuamriwa hivyo, akakataa. Aliendelea na kazi yake mpaka alipofariki tarehe 21 Oktoba 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bweni la wanawake wafanyakazi mjini Washington lilipewa jina lake.

Nilipomaliza kusoma niliona haya. Lucy na wenzake wanane hawakuwa na kiranja wa kuwaandika majina, lakini walitunga katiba wakaifuata wenyewe. Kwa ruhusa ya matroni niliwakusanya wasichana wa bweni langu, nikawaomba watunge kanuni zao na kupanga zamu zao. Walibishana jioni nzima, kisha wakapatana. Sitawadanganya, wako wawili ambao bado huchelewa kuzima taa. Lakini sasa wanaowakanya ni wenzao waliotunga kanuni, si daftari langu.

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi wazazi na walimu wetu, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkitaka tuwe watu wazima kesho, tuaminini kidogo leo. Nasi wanafunzi, tukishaaminiwa, tusiwaaibishe waliotuamini.