Shaaban Robert si wa mitihani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya marehemu Shaaban Robert. Huku kwetu Ufipa vijana wengi hulisikia jina lake wakifika sekondari, nalo huja pamoja na maswali ya mtihani. Matokeo yake wanamwogopa. Wengi hawajui kuwa aliandika pia hadithi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifurahia.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma shule Msimbazi, Dar es Salaam, kati ya mwaka 1922 na 1926. Hakupata elimu nyingine kubwa ya darasani. Mwaka huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na kwa miaka zaidi ya thelathini akabaki mtumishi wa serikali ya kikoloni: Pangani, Longido na mwishowe Tanga. Vitabu vyake aliviandika baada ya saa za kazi.

Kwa watoto, kitabu chake kikubwa ni Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Kinamhusu Adili, liwali mwema aliyetendewa uovu na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, kwa sababu ya wivu. Ndugu hao waligeuzwa manyani, na Adili akalazimishwa kuwapiga kila usiku, jambo lililomuumiza moyo. Mwishowe walisamehewa wakarudi kuwa watu. Asili ya kisa hiki imo katika hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban Robert alikivika mavazi ya Kiswahili hata kikawa chetu.

Kazi yake ilitambuliwa. Alipewa medali na zawadi ya fasihi ya Margaret Wrong, pia nishani ya M.B.E. Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya nchi kupata uhuru. Baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapishwa yeye akiwa kaburini.

Ndugu Mhariri, liko jambo moja linalotuhusu hasa sisi wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Ukoo wa Shaaban Robert ulikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili na akaifanya lugha hii mali yake. Mtoto wa Kifipa naye huanza na lugha ya mama yake, kisha hukutana na Kiswahili darasani. Akipewa kitabu chenye kisa kitamu atakipenda Kiswahili. Akipewa maswali matupu atakikariri, halafu atakisahau.

Hadithi si jambo geni kwetu. Wazee wa Ufipa wamewasimulia wajukuu kando ya moto, hasa majira haya ya baridi ya Juni na Julai. Siku hizi moto upo, wasimulizi wanapungua, na hadithi zao hazijaandikwa. Kila mzee akifa anakwenda nazo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, walimu na wazazi wahakikishe kila shule ya msingi inapata japo nakala chache za Adili na Nduguze, na watoto wasomewe kwa sauti bila kupewa maksi. Pili, walimu wa huku wawatume wanafunzi wakaandike hadithi za bibi na babu zao. Tangu mwaka 2023 taifa linatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Kwa nini mshindi asitoke Ufipa siku moja? Karani wa forodha aliyesoma miaka minne Msimbazi aliweza.

Msomaji wako,
Sumbawanga, Rukwa.