MAISHA YA ANDREAS VESALIUS, MWENYE ALIFUNGUA MWILI ILI WATU WAONE



Katika somo la biolojia tunaandika katika kaye zetu majina mengi: mifupa, misuli, moyo, mapafu, ini, figo, bongo. Profesa anachora kwenye tablo, nasi tunachora. Halafu tunayashika yote kichwani mpaka siku ya ekzame. Lakini haya mambo yalijulikana namna gani? Nani alihesabu mifupa? Nani aliangalia ndani ya moyo? Watu waliofanya kazi hiyo ni wengi. Leo tutasimulia maisha ya mmoja wao, Andreas Vesalius. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinamwandika André Vésale.

Utoto na masomo

Vesalius alizaliwa katika mji wa Bruxelles tarehe 31 desemba 1514. Wakati ule Ubelgiji haikuwa bado nchi ya peke yake. Bruxelles ilikuwa chini ya mfalme Charles V, mwenye kutawala nchi nyingi za Ulaya. Baba yake Vesalius alikuwa mtengeneza dawa wa mfalme huyo, na katika ukoo wao mlikuwa waganga tangu zamani. Basi mtoto alikuta vitabu vya uganga nyumbani.

Mwaka wa 1530 akaingia chuo cha Louvain, na mwaka wa 1533 akaenda Paris kusoma uganga. Kule akaona namna masomo ya mwili yalivyofundishwa. Profesa alikaa juu kwenye kiti kirefu akasoma kitabu kwa Kilatini. Chini, kinyozi mwenye kisu alipasua maiti. Mwingine alishika fimbo akaonyesha. Profesa hakushika mwili, kinyozi hakujua Kilatini, na wanafunzi waliokaa mbali hawakuona kitu. Kila mtu alirudi nyumbani na maneno ya kitabu.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na Galenos, munganga Mgiriki aliyezaliwa mwaka wa 129 katika mji wa Pergamon. Alikuwa mtu wa akili nyingi sana, na kazi yake ilikuwa kubwa. Kwa miaka zaidi ya 1300 waganga walimfuata. Kama mwili wa maiti haukupatana na maneno yake, walisema kwamba ule mwili ndio wenye kasoro.

Vesalius hakutosheka na kusikiliza. Alikwenda kwenye makaburi ya zamani ya Paris, fasi mifupa mingi ilikuwa imerundikwa, akaichunguza siku nyingi. Mwisho aliweza kufungwa macho kwa kitambaa, akapewa mfupa mkononi, akautaja kwa kuugusa tu.

Mwaka wa 1536 vita ilitokea kati ya mfalme wa Ufaransa na Charles V, naye akarudi Louvain. Nje ya mji kulikuwa na fasi ya kunyongea watu wabaya. Siku moja, pamoja na rafiki yake Gemma Frisius, aliona maiti imening'inia pale, ndege wamekula nyama yote, mifupa imebaki imeshikana. Alipanda mti ule akachukua vipande, akaviingiza mjini kwa siri, kidogo kidogo. Ili kumaliza kazi alibaki nje usiku, milango ya mji imekwisha kufungwa. Kisha akaunganisha mifupa yote nyumbani, na watu wakiuliza akasema ameileta kutoka Paris.

Profesa kijana

Akaenda Italia, katika chuo cha Padova. Tarehe 5 desemba 1537 akapata cheti cha udokta, na kesho yake akapewa kazi ya kufundisha upasuaji na habari za mwili. Hakuwa bado na miaka 23. Vesalius akakiacha kile kiti kirefu. Alishuka, akashika kisu kwa mkono wake mwenyewe, akapasua na kueleza palepale, wanafunzi wakimzunguka.

Mtu angefikiri kwamba tangu siku ile aliona kweli yote. Sivyo. Mwaka wa 1538 alichapisha karatasi sita zenye picha za mwili. Katika picha zile alichora ini lenye vipande vitano, kama Galenos alivyosema, na ini la mtu si hivyo. Alichora pia wavu wa mishipa midogo chini ya bongo, wenye Galenos aliuita wa ajabu. Mtu hana wavu huo. Kondoo anao, mbuzi na ngombe pia. Kwa miaka kadhaa, kila aliposomesha habari ya kichwa mbele ya watu, Vesalius aliweka karibu kichwa cha kondoo au cha ngombe. Wavu uliokosa kwa mtu aliuonyesha kwa mnyama! Yeye mwenye macho makali hivi alikuwa bado anaona kwa macho ya kitabu.

Tangu mwaka wa 1539 hakimu mmoja wa Padova alimpatia miili ya watu waliohukumiwa kufa. Sasa aliweza kupasua mingi na kulinganisha. Mwaka wa 1540, katika mji wa Bologna, alisimamisha mifupa ya mtu na mifupa ya nyani pamoja, akaonyesha mbele ya watu kwamba maneno ya Galenos juu ya uti wa mgongo yanapatana na nyani, si na mtu. Kumbe ndiyo hiyo sababu! Desturi za Warumi hazikuruhusu kupasua maiti za watu. Galenos alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, halafu akaandika kama kwamba mtu yuko vilevile.

Tuseme tena jambo moja la kusikitisha. Maiti zile zilikuwa za watu wasioombwa ruhusa. Nyingine wanafunzi waliziiba makaburini usiku, na Vesalius alijua. Leo katika nchi nyingi mtu mwenyewe anakubali angali hai kwamba mwili wake utasaidia masomo. Elimu yetu ilianza pia kwa machozi ya jamaa za watu wale, na ni vizuri tusisahau.

Kitabu kikubwa

Mwaka wa 1543, Vesalius akiwa na miaka 28, kitabu chake kilichapishwa katika mji wa Basel na Johannes Oporinus. Jina lake kwa Kilatini ni De humani corporis fabrica, maana yake matengenezo ya mwili wa binadamu. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 600. Picha zilichongwa kwanza katika mbao, na mbao zile zikavushwa milima ya Alpi mpaka Basel. Kitabu kiligawanyika sehemu saba. Tuzipitie, tukiongeza yale yanayojulikana leo.

1. Mifupa. Mtu mzima ana mifupa 206. Inatusimamisha, inalinda bongo na moyo, na ndani yake damu mpya inatengenezwa. Galenos alisema utaya wa chini ni mifupa miwili. Vesalius aliona mmoja. Wengi walisadiki tena kwamba mwanaume amepungukiwa ubavu mmoja juu ya Adamu. Vesalius alihesabu: mwanaume na mwanamke wote wana mbavu kumi na mbili kila upande. Habari ya Mwanzo haiharibiki kwa hesabu hiyo. Baba akikatwa kidole, mtoto wake hazaliwi bila kidole.

2. Misuli. Ndiyo nyama inayosogeza mifupa. Musuli unajua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa hiyo inafanya kazi miwili miwili: mmoja unakunja mkono, mwenzake unaunyoosha.

3. Mishipa ya damu. Galenos alifundisha kwamba ini linatengeneza damu ya vyakula, nayo inakwenda katika mwili na kuishia kule, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Vesalius alichora mishipa vizuri, lakini namna damu inavyotembea hakuijua bado.

4. Neva. Watu walifikiri ni mirija yenye pumzi inayotoka bongoni. Vesalius alizikata akatafuta tundu ndani, asilione. Leo tunajua kwamba habari zinapita katika neva kwa nguvu za umeme, haraka sana, kwa hiyo mkono unauacha moto mara moja.

5. Tumbo. Hapa mna tumbo la chakula, matumbo, ini, figo na viungo vya uzazi. Chakula kinavunjwavunjwa mpaka kinaweza kupita katika damu, na ini linakipokea. Figo zinachuja damu. Kila siku zinachuja karibu litri 180 za maji, na karibu yote yanarudi katika damu. Mkojo unaobaki ni litri moja au mbili tu.

6. Moyo na mapafu. Tutarudia hapa chini, juu ndipo kulikuwa na shida kubwa.

7. Bongo. Sasa Vesalius aliandika wazi kwamba ule wavu wa ajabu mtu hana. Alikiri pia kwamba yeye mwenyewe aliufundisha. Kwa mtu aliyekuwa profesa mwenye sifa, jambo hilo si jepesi.

Ukuta wa moyo

Moyo una sehemu ya kuume na ya kushoto, na ukuta mnene kati yao. Galenos alisema ukuta huo una matundu madogo yenye kupitisha damu toka upande mmoja mpaka mwingine. Vesalius alitafuta matundu, hakuona. Mwaka wa 1543 hakuthubutu kusema hayapo. Aliandika tu kwamba inashangaza namna damu inavyopenya fasi isiyoonekana njia. Mwaka wa 1555, katika chapa ya pili, alithubutu zaidi, akaonyesha kwamba hawezi kukubali damu inapita pale. Miaka kumi na miwili kwa ajili ya tundu lisilokuwako!

Lakini kama damu haipiti katika ukuta, inapita wapi? Hilo hakulijibu. Jibu kamili lilitolewa na Mwingereza William Harvey, mwenye alisoma katika chuo kilekile cha Padova. Mwaka wa 1628 aliandika kwamba damu inazunguka. Upande wa kuume unaisukuma mpaka mapafuni, fasi inapata hewa safi. Inarudi upande wa kushoto, unaoisukuma katika mwili wote, kisha inarudi tena kuume. Mtu mzima ana karibu litri tano za damu, na akikaa kimya moyo wake unaisukuma yote kwa muda wa dakika moja hivi.

Mwisho wake

Kitabu kilipotokea, wengi walifurahi, lakini wengine walikasirika. Sylvius, mwalimu wake wa zamani kule Paris, alimtukana kwa maandishi mwaka wa 1551. Alisema Galenos hakukosa; ni miili ya watu iliyobadilika tangu siku zake. Mtu akipenda sana kitabu anaweza kusema hata hivyo.

Vesalius aliumia. Baada ya kuchapa kitabu chake alichoma karatasi zake nyingi, akaacha ualimu, akawa munganga wa mfalme Charles V, halafu wa mwana wake Philip II wa Hispania. Alioa mwaka wa 1544, akapata mtoto mmoja wa kike. Alitibu wakubwa na askari. Mwaka wa 1559 aliitwa Paris kumwangalia Henri II, mfalme wa Ufaransa, aliyechomwa na mkuki kichwani katika michezo, lakini mfalme akafa.

Mwaka wa 1564 alisafiri kwenda Yerusalemu. Katika kurudi akafa katika kisiwa cha Zakynthos cha Ugiriki, hajatimiza miaka 50.

Fundisho kwetu

Vesalius hakudharau vitabu. Alimsoma Galenos kuliko wenzake wengi, na ndiyo maana aliweza kuona fasi maneno hayapatani na mwili. Mtu asiyesoma hajui hata la kuuliza. Lakini mwenye kusoma bila kuangalia naye anaweza kuchora ini la vipande vitano maisha yake yote.

Ndugu mwanafunzi, usiseme kwamba shule haina vyombo. Weka vidole viwili penye mkono unapoungana na kiganja, hesabu mapigo dakika moja. Kimbia kuzunguka uwanja, hesabu tena. Na siku mbuzi anachinjwa kwenu, omba moyo kabla haujaingia katika chungu. Upasue polepole. Tazama ukuta wa kushoto ulivyo mnene kuliko wa kuume, kwa sababu wa kushoto unapeleka damu mbali. Tazama vile vifuniko vyembamba vinavyozuia damu isirudi nyuma. Halafu tafuta yale matundu ya Galenos katika ukuta wa katikati.

Ukimaliza, osha mikono, rudisha nyama kwa mama, na andika katika kaye yako yale uliyoyaona.